Pafu la Kulia

"Simama wima, mama."

"Nimesimama."

"Nyoosha mgongo kidogo tu. Kisogo kiguse ukuta."

"Mwanangu, mgongo huu ungekuwa unanyooka, nisingengoja mpaka wewe uniombe."

Muuguzi wa vipimo hakucheka. Alikiteremsha kibao mpaka kikagusa utosi wa Mwalimu, akasoma namba, akaandika: mia moja thelathini na nane. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi waliinua macho, wakamtazama Mwalimu kuanzia bega la kulia lililopanda juu kama limeitwa peke yake, wakashuka hadi kiunoni, kisha wakajifanya wanasoma bango la ukutani. Mwalimu alikuwa na miaka arobaini na minne na macho ya namna hiyo aliyazoea tangu akiwa na tisa. Asichokizoea kilikuwa mtungi wa oksijeni. Kibiongo alizaliwa nacho, na hicho kilikuwa chake. Mtungi ulikuwa wa kuazima.

Mtungi huo aliubeba mumewe begani, ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu, mpole, asiyezoea kufungua mdomo mbele ya makoti meupe. Siku hiyo aliufungua.

"Kipimo hicho si chake," alisema.

"Baba, subiri kwenye benchi."

"Mpime mikono. Anyooshe mikono yote, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Huo ndio urefu wake, mgongo ndio ulioula. Miaka kumi na tisa namshonea kwa kipimo hicho. Ni mia moja sitini na moja."

"Fomu ina nafasi ya kimo tu, baba."

"Mpime mikono." Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa daktari wa upasuaji wa vifua, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. "Andika yote mawili. Huyu bwana anasema kweli."

Ikatoka mia moja sitini na moja kamili. Fundi akarudi kwenye benchi, masikio yanamwaka moto, kana kwamba ametukana mtu.

Ofisini daktari aliwaonyesha picha ya kifua. Hata asiyesoma aliona shida. Uti wa mgongo ulipita katikati kama mto, ukakata kona kubwa kuelekea kulia, ukarudi. Upande wa kulia mbavu zilitanuka. Upande wa kushoto zilibanana, moja juu ya nyingine, na pafu la kushoto limeminywa humo kama nguo ndani ya droo iliyojaa.

"Mapafu yenyewe yamekakamaa," alisema daktari. "Kwa mtu mwingine hayo tungeyabadilisha tu, tukaweka ya mtoaji. Kinachowatisha wenzangu ni nyumba ya kuyaweka. Nikitafuta mapafu kwa kimo cha kichwa, nitapata madogo mno, hayatakutosha. Nikitafuta kwa mikono, nitapata makubwa mno, kifua hakitafungika. Ukweli uko katikati, na hakuna fomu yenye nafasi ya katikati."

"Kwa hiyo mnakataa," alisema Mwalimu. Hospitali mbili zilikuwa zimeshamkataa, moja kwa barua, nyingine kwa kutojibu kabisa.

"Jopo letu lilikaa juzi. Tulikuwa tisa. Wanne walikataa."

Mwalimu alifundisha hesabu. "Watano wakakubali."

"Watano tukakubali."

"Nipe namba zako, daktari."

"Wagonjwa wenye mgongo kama wako waliofanyiwa ni wachache sana. Sina hesabu nzuri."

"Nipe mbaya."

Daktari alivua miwani ikaning'inia. "Mmoja kati ya wanne hatoki hospitalini. Pengine zaidi."

"Na nikikaa nyumbani?"

"Mwaka. Huenda usiishe."

"Hiyo ni wanne kati ya wanne," alisema Mwalimu, akaomba kalamu ya kutia sahihi. Ni njiani, walipofika kituoni na kukalia ukingo wa zege, ndipo meno yalipoanza kugongana, na Fundi akamfunika na koti lake ingawa jua lilikuwa kali.

*

Walipewa masharti. Simu iwe na chaji na iwe karibu, mchana na usiku. Wasiende mbali na hospitali kwa zaidi ya mwendo wa saa mbili. Begi liwe tayari mlangoni. Mwalimu asipate mafua, kwa hiyo wageni wenye makamasi waongelee dirishani.

Sharti la dirishani lilisimamiwa na mama yake Fundi, aliyekuwa akiishi nao tangu mumewe afariki. Alikuwa mama wa miaka sabini na mbili mwenye ulimi wa kukata uzi bila mkasi. Mtu akipiga chafya barabarani, alifunga pazia.

"Jirani, hodi yako nimeisikia na pua yako nimeisikia. Kaa huko huko."

Lakini rohoni mwake palikuwa na jambo jingine. Siku moja, Mwalimu akiwa amelala kwa kuegemea mito, maana kulala chali kulimkaba, Mama alimfuata mwanawe kwenye chumba cha mbele kilichokuwa karakana.

"Hayo mapafu, ni ya nani?"

"Hajulikani bado, Mama. Mtu akifariki, ndugu zake wakikubali, ndipo wanapiga simu."

"Kwa hiyo mtu huyo sasa hivi yuko hai."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. "Yuko hai."

"Anakula. Anacheka na watu wake. Na sisi tumekaa hapa tunachaji simu."

"Mama, hatumwombei afe."

"Najua hatumwombei. Lakini tunamngoja." Akaokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja, kama vile vilikuwa na kazi. "Mimi nikisali siku hizi sijui niombe nini. Nikimwombea mkeo uzima, nasikia kama nimemwashiria mtu kidole."

Tangu siku hiyo, simu ilipolia kwa jambo lolote, mteja anayeulizia suruali au mtu aliyekosea namba, wote watatu walikauka pale walipo mpaka ijulikane ni nani.

*

Simu yenyewe ililia wiki ya saba, saa nane mchana. Ni muuguzi waliyemwita Dada wa Orodha, kwa kuwa ndiye aliyeitunza orodha ya wanaosubiri.

"Mwalimu, usile tena chochote. Njooni."

Kwenye wodi walimvua kila kitu. Wakamwogesha kwa dawa ya kahawia, wakamkata kucha, wakamwekea mirija na sindano. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaingia madaktari wanafunzi sita na mkubwa wao. Hawakubisha hodi.

"Geuka kidogo, mama, waone mgongo. Angalieni huo mzingo. Digrii mia moja na nne. Nani ataniambia, bomba la kupumulia litapita wapi?"

Mmoja alinyoosha kidole, hakugusa, akakipitisha hewani akifuata mzingo huo kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwalimu alikuwa ameketi uchi hadi kiunoni, ameshikilia shuka kifuani, anatazama ukuta. Fundi alikuwa amesimama pembeni na nguo za mkewe mikononi. Aliziona ngumi zake mwenyewe zikikunja blauzi, akazilegeza, maana blauzi haikuwa na kosa.

"Asante, mama," alisema mkubwa wao, wakatoka.

"Umewaona?" alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Hakuna hata mmoja aliyejibu swali. Na mimi ndiye nitakayelala chini ya visu vyao."

"Hao si wakataji. Mkataji ni yule wa miwani."

"Fundi, naogopa."

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Alimshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano.

Walikaa hivyo kwa saa tano. Kisha daktari wa miwani akaja akiwa na viatu vya plastiki na kofia ya upasuaji, na kabla hajasema, walijua.

"Ni makubwa. Nimekwenda kuyaona mwenyewe. Hata nikiyapunguza, kifua chako hakitayapokea. Pole sana, Mwalimu. Mtarudi nyumbani."

Muuguzi alizichomoa sindano moja baada ya nyingine, akabandika plasta. Mwalimu akavaa. Mikono yake ilikuwa bado ya kahawia walipopanda gari, na kondakta akamwomba asiguse kiti.

*

Aliporudi, hakuongea na mtu siku mbili. Siku ya tatu alidai karatasi na kalamu. Fundi alifurahi, akadhani anaandaa masomo, kwa kuwa tangu aache kwenda shuleni walimletea madaftari ya darasa la saba asahihishe. Akamletea chai, akamkuta amejaza ukurasa mzima kwa namba.

"Keti," alisema Mwalimu. "Picha ile ya kifua, daktari aliandika ukubwa wake pembeni. Lita mbili na robo, pande zote mbili. Nimetafuta kwenye kitabu. Unajua lita mbili na robo ni kifua cha nani?"

"Cha nani?"

"Cha mtoto wa miaka kumi na moja. Kumi na mbili." Aliliweka daftari moja juu ya karatasi. "Yule mfupi anayekaa mbele, anayesahau kila mara kuhamisha moja akijumlisha. Huyu. Lita mbili na robo ndiye huyu."

Fundi akaitazama chai.

"Mimi nilidhani nasubiri mtu," alisema Mwalimu. "Kumbe nasubiri mwanafunzi."

"Si lazima. Daktari alisema anaweza kupunguza ya mtu mzima."

"Alisema hivyo, halafu yakaja ya mtu mzima, akasema makubwa. Mimi nafundisha hesabu, Fundi. Usinifiche jibu." Akapumzika kuvuta hewa. Sentensi mbili zilikuwa zinamchosha sasa kama ngazi. "Wazazi hao watakubali siku mbaya kuliko zote walizowahi kuishi. Mimi nitaamka na kifua cha mtoto wao, niingie darasani, niwaambie wenzake fungueni ukurasa wa arobaini?"

"Hata usipoyachukua mapafu yake, mtoto hatarudi."

"Najua."

"Basi unaogopa nini?"

"Naogopa kila kitu! Naogopa kisu. Naogopa kufa nikiwa nimelala, sijamuaga mtu. Naogopa wale sita waje tena. Hili la mtoto ndilo pekee ninaloweza kulisema bila kuona aibu." Alianza kukohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu, midomo ikabadilika rangi. Fundi akakimbilia mashine ya oksijeni, akaifungulia mpaka mwisho. Ilipita robo saa kabla hajaweza kusema tena, na alichosema kilikuwa kifupi.

"Simu ikilia tena, usipokee."

"Mwalimu..."

"Niapie."

Fundi hakuapa. Alisema, "Nimekusikia," na wote wawili walijua kwamba hayo si maneno yale yale.

*

Siku kumi na nane zilipita. Mwalimu aliacha kutembea kwenda chooni, wakamwekea ndoo yenye kiti chumbani. Mama ndiye aliyeimwaga. Mara ya kwanza Mwalimu alilia kwa fedheha.

"Acha hizo," Mama alimwambia. "Mwanao huyu mrefu nilimfuta mpaka akaanza kuuliza maswali ya dini. Wewe hata harufu huna."

"Mwanangu tena? Ni wako, Mama."

"Nilikukabidhi. Hakuna kurudisha."

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, simu ilipolia. Fundi alikuwa amepiga magoti akimpimia mkewe mto mpya wa kuegemea, mmoja mnene upande wa kushoto na mwembamba kulia. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, anamenya viazi. Simu ilikuwa juu ya kabati. Kwenye kioo chake palikuwa na jina la Dada wa Orodha.

Ililia mara moja. Mwalimu alimtazama mumewe, akatikisa kichwa.

Ikalia mara ya pili. Mama aliacha kumenya. Ganda la kiazi lilining'inia kwenye kisu.

Fundi alikuwa mtu wa kutii. Aliwatii wazazi, aliwatii wateja, alimtii mkewe na hakuona ubaya. Ilipolia mara ya nne alisimama, akaipokea. Hakusema nayo. Aliipeleka sikioni mwa mkewe, akaishikilia hapo.

"Mwalimu?" Sauti ya Dada wa Orodha ilisikika chumba kizima. "Upo? Tumepata. Unakuja?"

Macho ya Mwalimu yalikuwa usoni mwa Fundi, na hayakuwa na upendo.

"Ni mtoto?" aliuliza.

"Siruhusiwi kusema habari za mtoaji. Unajua hilo."

"Ni mtoto?"

Kisha, polepole, kama mtu anayeweka kikombe mezani bila kutaka kisikike: "Daktari amesema nikwambie, itabidi ayapunguze mapafu hayo. Kwa kiasi kikubwa."

Mwalimu alifumba macho. Kinachopunguzwa kwa kiasi kikubwa hakiwezi kuwa cha mtoto. Hesabu hiyo hata yule mfupi wa mbele angeiweza. Sababu yake moja ya kukataa ikawa imetoka, zikabaki zile alizozionea aibu, na mama mkwe ameketi pale, kisu mkononi, akimtazama.

"Nakuja," alisema.

Simu ilipokatwa, alimwambia mumewe maneno ambayo Fundi aliyabeba kwa wiki nyingi. "Umenipa simu mbele ya Mama. Ningekataaje mbele ya Mama?"

Ndani ya teksi hakusema. Kwenye wodi, walipomwogesha tena kwa dawa ya kahawia, hakusema. Kitanda chenye magurudumu kilipofika kwenye milango miwili ambayo mume haruhusiwi kuvuka, Fundi aliinama karibu na uso wake. "Mwalimu. Mke wangu. Nijibu neno moja." Mwalimu akageuza kichwa upande wa pili. Milango ikafunguka yenyewe, ikajifunga yenyewe.

*

Saa nne asubuhi ikawa saa sita. Saa sita ikawa saa tisa. Mama alikuwa na tasbihi ya vidole vyake mwenyewe, akivihesabu mbele na nyuma. Fundi alisimama, akaketi, akasimama. Alifikiria mambo ya ajabu: nani atavaa gauni la bluu ambalo haliwezi kumkaa mwanamke mwingine duniani? Aliona aibu kulifikiria, akarudi kulifikiria.

"Akifa," alimwambia mama yake, "ni mimi niliyepokea."

"Asipokufa je?"

"Hata asipokufa."

Mama hakubishana. Alimshika mkono wa shati, kama walivyoshikana zamani wakivuka barabara.

Daktari alitoka saa kumi na moja jioni. Alama za barakoa zilikuwa zimechimba mashavu yake, na aliketi kabla ya kusema, jambo lililomtisha Fundi kuliko kama angesimama.

"Yuko hai," alisema. "Lakini sikilizeni vizuri. Kushoto nilifungua, nikakuta hakuna nafasi. Mbavu zimeshikana. Nimeliacha pafu lake bovu humo humo. Kulia nimeweka moja, nimelipunguza, na linafanya kazi. Likavimba kidogo, kama inavyotokea. Nilipojaribu kufunga kifua, moyo ukaanza kuchoka. Kwa hiyo sijakifunga."

"Hujakifunga?" alisema Mama.

"Nimekifunika kwa utando safi. Tutangoja uvimbe upungue. Siku mbili, tatu."

Fundi alikitazama kiganja chake. Maisha yake yote alikuwa amekutana na jambo hili: mwili mkubwa, kitambaa kidogo. "Nguo ikibana, mimi naongeza kipande ubavuni," alisema, na alipoyasikia maneno yake akataka ardhi impasukie.

Daktari hakumcheka. "Na mimi ningeongeza," alisema, "kama mbavu zingekuwa zinauzwa kwa mita."

*

Kifua kilifungwa siku ya nne. Hiyo ilikuwa habari njema, na ilifuatwa na nyingine zisizokuwa njema. Pafu jipya lilitaka kufanya kazi lakini mbavu zilizopinda hazikujua kulisaidia. Kila asubuhi walipunguza nguvu ya mashine ya kupumulia, na kila mchana, jasho linamtoka Mwalimu, namba za oksijeni zinashuka, king'ora kinalia, waliirudisha. Wiki ya pili wakamtoboa koo, bomba likapita hapo badala ya mdomoni. Hakuweza kusema. Walimpa kibao cha kuandikia, lakini vidole vilikuwa vimevimba, akakisukuma.

Fundi aliruhusiwa saa moja kila siku. Alivaa joho la wageni na barakoa, akaketi, akamweleza habari za nyumbani: zipu iliyokwama, paa lililovuja, darasa la saba limemaliza sura ya sehemu. Mwalimu alilikodolea macho dirisha. Mama alipoingia, alimgeukia Mama. Fundi alipoingia, dirisha.

"Labda shingo inamuuma," alisema Mama.

"Shingo inayouma upande wangu tu?"

Wiki ya tatu daktari mmoja kijana, akiwa ukumbini, alimweleza Fundi kwa upole kwamba wapo wagonjwa wasiotoka kabisa kwenye mashine, kwamba familia zingine huanza kulifikiria hilo mapema. Fundi aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kwenye ngazi za dharura zisizopita mtu, akaketi kwenye ngazi ya tatu. Akabaki hapo hadi mfagiaji alipomwomba ainue miguu.

Siku ya ishirini na sita alimkuta mkewe ameketishwa kwenye kiti. Mashine ilikuwa pembeni, imezimwa kwa muda. Muuguzi wa chumba hicho, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongozea mkutano, alikuwa akibandika kifuniko kidogo kwenye bomba la kooni.

"Hiki kitamfanya aseme," alieleza. "Dakika kumi tu. Na wewe, Mwalimu, nilikwambia nini kuhusu kukohoa? Pafu jipya limekatwa mishipa yake ya fahamu, halitakwambia kwamba lina makohozi. Usingoje kuwashwa. Lazima ukohoe kwa makusudi, na wiki nzima hutaki. Makohozi yakikaa humo, ni homa ya mapafu, tunaanza upya." Akatoka mpaka mezani kwake, hatua tano, akaacha mlango wazi.

Fundi aliketi. Moyo ulimdunda kuliko siku ya posa.

Mwalimu alivuta hewa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu mwingine mwenye umri mkubwa, lakini maneno yalikuwa yake.

"Ulipokea."

"Nilipokea."

"Nilikwambia usipokee."

"Uliniambia."

Alipumzika. Namba kwenye skrini zilishuka kutoka tisini na tatu hadi tisini. Fundi aliziangalia kwa jicho moja.

"Usingepokea," alisema Mwalimu, "ningekufa nyumbani, nimekusamehe kila kitu." Hewa. "Sasa niko hai. Na sijakusamehe. Bado nina hasira na wewe, Fundi. Nyingi."

Fundi aliyangoja maneno haya siku ishirini na sita. Alikuwa ameandaa majibu kichwani, ya kuomba radhi na ya kujitetea, mengine marefu. Yote yakapotea. Yaliyomtoka hakuyaandaa.

"Hasira zinataka pumzi, mke wangu. Endelea kukasirika."

Mwalimu alimkodolea macho. Kisha kitu kikamtoka kooni, kifupi, kikali, ambacho hakikuwa kilio. Alijaribu kukizuia kwa kuwa kilimuuma kwenye mshono, na kadiri alivyokizuia ndivyo kilivyomshinda. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho hakikuwa kile kikavu cha nyumbani. Kilitoka chini, kizito, kimebeba mzigo, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. King'ora kikalia. Namba zikawa themanini na sita. Fundi akaruka, akaita, sauti yake ikapasuka kama ya mvulana.

Muuguzi alikuja mbio na mrija wa kunyonyea. Akamwinua Mwalimu, akaondoa kifuniko, akanyonya makohozi, mengi, ya rangi mbaya. Akaweka kifaa cha kusikilizia upande wa kulia wa kifua. Alisikiliza juu, akasikiliza chini, akarudi juu, na muda wote huo Fundi alikuwa amesimama na kiti mkononi bila kujua kwa nini amekiinua.

"Nani amemchekesha?" aliuliza muuguzi.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Nisamehe. Sitarudia."

"Urudie kila saa," alisema muuguzi. "Na ushushe hicho kiti."

Fundi akakishusha, akakikalia. Mwalimu alikuwa ameegemea nyuma, machozi yanamtiririka, uso bado umekunjamana kwa maumivu na kwa ile hasira yake, na safari hii haukuelekea dirishani. Kwenye skrini palikuwa na themanini na nane. Tisini. Themanini na tisa. Wote wawili waligeuka kuitazama, wameshikana vidole viwili tu ambavyo havikuwa na sindano, wakingoja namba inayofuata.